Sekunde Arobaini za Baba

“Tulikuwa batoto, Edita,” Zaituni aliniambia. “Ile mambo iache, vraiment. Batoto iko wanafanya ujinga.” Alikuwa amekuja Gashoho siku ya nne baada ya mazishi ya Baba, akitokea Muyinga mjini ambako ameolewa na anauza vitenge, na tulikuwa tumekaa kwenye mkeka katika chumba cha mama yangu, tukiwasikia wanawake nje wakichambua mchele na kubishana kama maharage yatatosha. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi hata tukaanza kwa kuulizana habari za watu ambao walikwisha kufa. Aliniwekea mkono juu ya goti. Najua alisema vile kwa huruma, na najua pia kwamba kama ningekubali, yeye naye angepumua. Lakini sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na akili zangu zote, na yeye, aliyekuwa na kumi na saba, ndiye aliyeniambia tuache. Nilimwitikia kwa kichwa kwa sababu alikuwa mgeni na alikuwa ametoka mbali. Alipoondoka nikaanza kuandika, maana sitaki kusamehewa kosa ambalo silo nililolifanya.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu turudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Wazazi wangu walikuwa wamepewa mabati na kujenga kibanda cha matofali mabichi pembezoni mwa Gashoho, wakingojea shauri la shamba la babu lisikilizwe, na mimi nilipelekwa Gitega kwa kuwa masista wa shule moja ya Mushasha walikubali kunipokea. Mabweni yalikuwa yamejaa. Nikapata kulala mtaa wa Yoba kwa Mama Swedi, mjane wa Kiislamu aliyekuwa akishona nguo, na ambaye kila msimu alifika soko la Gashoho kutafuta maharage na akazoeana na mama yangu. Nililala kitanda kimoja na binti yake Zaituni, katika chumba kilichopakwa rangi ya bluu hadi nusu ya ukuta na kuachwa hivyo kwa sababu baba yao alifariki rangi ikiwa bado kwenye ndoo. Sebuleni, cherehani ilikaa dirishani penye mwanga, makochi yalivikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na kwenye kona palikuwa na meza ya Swedi, kaka mkubwa, mpiga video wa harusi, yenye kompyuta mbili: mpya ambayo hatukuruhusiwa hata kuipangusa vumbi, na ya zamani yenye kioo kinene nyuma kama kichwa cha ng’ombe.

Kwetu tulikula kimya. Baba alisali, tukala, tukaosha mikono, ndipo maneno yakaanza. Kwa Mama Swedi watu waliongea huku bugari, yaani ugali, ikiwa mdomoni, kidole kikielekeza kwenye bakuli la ndagala zilizoelea kwenye mawese, mmoja akianza hadithi na mwingine akiimalizia. Ijumaa palipikwa pilau na majirani waliingia bila kubisha. Nilipenda nyumba ile kupita kiasi. Siku moja ya mwezi wa kwanza nilikuwa nimeinama uani nikichochea mkaa kwenye imbabula, na kupitia dirishani nikamsikia Mama Swedi akimwambia jirani: “Huyu mtoto wa rapatriye iko mupole, ana heshima. Mais Kirundi yake, we! Anasema kama mutu anakula kitu ya moto.” Jirani akacheka, naye akacheka, kisha wakaendelea kuhesabu vifungo vya gauni. Rapatriye ndivyo walivyotuita sote tuliorudi kutoka ukimbizini, na hapakuwa na ubaya wowote. Nimelikumbuka neno lile maisha yangu yote.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilikuwa nimemaliza darasa la juu kambini, lakini kwa ajili ya Kifaransa walinirudisha madarasa matatu nyuma, nikakaa na wasichana ambao magoti yao yaliingia chini ya dawati wakati yangu yaligonga. Zaituni alikuwa darasa hilohilo. Walikuwa wakiniita Mtanzania. Nikisimama kusoma, mmoja alirudia neno langu la mwisho kwa sauti ya chini, mwingine akalipokea, likasafiri darasani mpaka likafika nyuma likiwa limegeuka kuwa mlio wa mnyama. Palikuwa na benchi moja chini ya ukuta wa kanisa ambapo wasichana wenye majina waliketi wakati wa mapumziko. Nilipita mbele ya benchi lile kila siku nikijifanya nina mahali pa kwenda.

Swedi ndiye aliyetuachia ile kompyuta ya zamani. Ndani yake palikuwa na programu ya kuhariri video iliyokuja na mashine yenyewe, ya watu wanaoanza, ambayo yeye aliidharau. Mimi niliipenda kuliko kitu chochote nilichopata kushika. Unaunganisha waya wa kamera, unangoja picha ziingie polepole kwa muda uleule zilizochukua kupigwa, kisha zinajipanga chini ya kioo kama matofali yaliyoanikwa juani. Kuna mkasi mdogo. Unapeleka mstari pale unapotaka, unabonyeza, kipande kinakuwa viwili. Unaweza kukitupa kimoja, kukirudia, kukihamisha, kukifanya kiende taratibu, kuweka maandishi yanayoingia yakizunguka kama mlevi. Ukisahau kuhifadhi na umeme ukakatika, unaanza upya. Swedi alikuwa akipita nyuma yetu na kikombe cha chai, akisimama kidogo. “Sikia we,” aliniambia mara moja. “Bibi harusi amekasirika, sawa? Weka picha ya mama yake, halafu rudi kwake. Batu watasema ni machozi ya furaha. Hujagusa uso wake. Umeweka tu kitu hapo katikati.” Tulianza na Mama Swedi akikaanga mandazi. Baadaye tukampiga Zaituni akitembea uani amevaa gauni la mteja. Nilikata ile ya mandazi mara kumi na moja, mpaka kila andazi likawa linaingia kwenye mafuta sawa na cherehani inavyogonga, na Swedi alipoiona akaweka kikombe chini. “Huyu dada iko na mkono,” akasema. Hakuna mtu aliyekuwa amenisifu kwa kitu chochote tangu nivuke mpaka.

Likizo ya Pasaka nilikwenda Gashoho na kamera ndogo ya Swedi begani. Inanibidi nieleze kidogo Baba alikuwa mtu wa namna gani. Alibebwa mgongoni kuvuka mpaka akiwa mtoto, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka mitatu, akalelewa na watu wa misheni huko Tanzania ambao hawakujua neno la Kirundi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote niliyemsikia. Kambini watu walipogombana walimwita, si kwa kuwa alikuwa na cheo, bali kwa kuwa akianza kusema mlisikiliza, na mkisikiliza hasira ilipungua. Aliwaandikia wengine barua, na waliozipokea walilia. Mtu huyo, tuliporudi Burundi, akawa kama mtoto wa miaka mitano. Alikwenda sokoni na kuonyesha kwa kidole. Aliitikia “ego” kwa kila kitu, hata pale ambapo jibu lilikuwa hapana. Sasa alitakiwa kusimama mbele ya wazee wa mlima, bashingantahe, aeleze kwa Kirundi kwamba shamba lile ni la baba yake, kwamba baba yake alifia pale katika siku za watu kukimbia, na kwamba alizikwa haraka nyuma ya nyumba, kati ya miti miwili ya umurinzi.

“Editha,” akaniambia asubuhi ya pili, “nipige nikisema. Nataka nijisikie jinsi wao wanavyonisikia.” Akavaa koti lake la Jumapili, akaweka kigoda mbele ya mlango. Mama alikuwa pembeni akipukuchua maharage. Alisema kwa dakika kumi na moja, jasho likimtoka kana kwamba analima. Mengi yalieleweka. Lakini palikuwa na neno moja lililomshinda kabisa. Kwa Kirundi, “baba yangu amekufa” ni data yapfuye, na ile p na f lazima zitoke pamoja, midomo ikifunga na kupasuka. Baba alisema yafuye. Mama akamsahihisha ingawa naye hakuwa na uhakika. Baba akarudia: yafuye. Akajaribu mara nne. Halafu akatazama moja kwa moja kwenye kamera na kuniambia kwa Kiswahili, akitabasamu kidogo, “Mwanangu, hata kumzika baba yangu kwa mdomo siwezi.”

Mimi ndiye niliyetoa wazo, na lilikuwa wazo jema. Nilimwambia nitakwenda nayo Yoba, nitakata sentensi zake moja moja, na baada ya kila sentensi nitaweka Zaituni akiitamka sawasawa, halafu tena yeye, halafu tena Zaituni. Nitaitia kwenye simu yangu nimletee, aketi nayo mlangoni ajifunze. Baba alifurahi kupita kiasi. Alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenibebea begi, akarudia mara mbili, “Kwa hiyo nitakuwa na mwalimu mfukoni.”

Jumamosi iliyofuata tulikaa kwenye kompyuta tangu asubuhi. Mama Swedi alikuwa amekwenda kupima nguo za mteja, Swedi alikuwa harusini. Tulifika kwenye lile neno. Nilikata kipande cha Baba, nikakirudia, nikaacha nafasi ya Zaituni, nikakirudia tena. Tukabonyeza kuangalia. Yafuye. Yafuye. Yafuye. Zaituni akaziba mdomo. Kwa watu wa nyumba ile, ambao Kiswahili kiliingia sikioni kabla ya Kirundi, neno lile lilisikika kama mtu anasema baba yake alifua. Alifua nguo. “Anasema baba yake alifanya lesive,” Zaituni akasema, mabega yakitikisika. “Pardon, Edita. Pardon. Tuendelee.” Nami nilihisi kitu ambacho bado naweza kukionyesha mahali kilipokaa, hapa chini ya koo: kwamba kwa mara ya kwanza katika mji ule kulikuwa na Kirundi kibaya kuliko changu.

Nikasimama. Nyuma ya nyumba palikuwa na beseni langu, nimeloweka sare ya shule. Nikachukua kamera, nikaishika kwa mkono mmoja, nikafua kwa mkono mwingine. Nikapiga povu, nikapiga shati likikamuliwa, nikapiga kamba na nguo zikidondosha maji. Niliporudi ndani na kuanza kuingiza picha zile, Zaituni alikuwa ameacha kucheka. Alisimama nyuma yangu. “Edita, tuache,” akasema. “Ni mzee wako. Iko mbaya.” Nikamwambia ni mchezo tu, nitafuta. Uso wa Baba: data yafuye. Mikono ndani ya povu. Uso wa Baba: yafuye. Shati likikamuliwa. Nilitafuta mahali pa kukata mpaka maji yakawa yanadondoka sawasawa na midomo yake inavyofunga. Mwishoni niliweka ile sehemu alipotazama kamera na kutabasamu, nikaondoa maneno yake, nikaweka maandishi yakiingia kwa kuzunguka: SABUNI HAIJATOSHA. Zilikuwa sekunde arobaini. Hakuna kitu nilichowahi kukikata vizuri namna ile, kabla yake wala baada yake. Zaituni alipoiona nzima alicheka hadi akakaa sakafuni, akilia machozi na kuniambia mimi ni mtu mbaya, na mimi nikacheka naye, na kicheko kile kilikuwa kitamu.

Jumatatu niliiweka kwenye simu. Nilikwenda nayo mwenyewe hadi kwenye lile benchi chini ya ukuta wa kanisa, nikawaambia, “Mnataka kuona rapatriye mmoja wa kwetu?” Sikusema ni nani. Walijibana kunizunguka, mmoja akasogea ili nipate pa kukaa. Wakati huo watu walitumiana video kwa bluetooth, simu mbili zikiwekwa karibu karibu kama ndugu wanaonong’onezana. Kabla ya kengele tayari ilikuwa kwenye simu sita. Wiki ile nilikaa kwenye benchi kila siku. Wiki ya pili kijana aliyeuza karanga nje ya lango alikuwa akiwasalimia wasichana: “Yafuye?” nao wakimjibu, “Haijatosha!” Wiki ya tatu Swedi alirudi kutoka harusi ya Muyinga, mji ulio karibu na kwetu Gashoho, akaingia akivua viatu, akatuuliza tumeiona ile ya mzee wa kufua. “Hata kule iko inacheza,” akasema. “Mpaka ma-chauffeur wa basi.” Halafu akatazama kompyuta ya zamani, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa kazi, alitambua mkono. “Ile iko ya hapa?” akauliza. Nilisema sijui. Zaituni alikuwa akikata vitunguu na hakuinua kichwa. Swedi hakuniuliza tena, lakini tangu siku ile kompyuta ya zamani ilifunikwa kitambaa na hapakuwa na mtu aliyeniambia nikifunue.

Watu wameniuliza, wachache niliowasimulia, kama sikuogopa ingefika kwake. Niliogopa. Lakini hofu ile ilikaa upande mmoja na benchi upande wa pili, na kila asubuhi nilichagua benchi. Lile somo lake sikulimaliza. Nilipeleka salamu kwamba mashine imeharibika. Yeye akanijibu kwa kupitia mama mmoja wa sokoni kwamba nisihangaike, masomo yangu kwanza, na kwamba amepata mtoto wa jirani wa kumfundisha kutamka, na sasa anajizoeza akiwa peke yake bondeni.

Shauri lilisikilizwa kiangazi, mwezi ambao shule zilikuwa zimefungwa. Lilisikilizwa palepale shambani, watu wakiwa wameketi kwenye nyasi kavu, bashingantahe kwenye viti na fimbo zao mikononi. Mzee Karoli, aliyekuwa akiishi pale miaka yote ile, alisema kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alipewa shamba na utawala likiwa pori, nyumba imekwisha kuanguka, na kwamba amezika watoto wake wawili humo. “Na hao niwapeleke wapi?” akauliza. Kisha Baba akasimama. Koti lilikuwa limepigwa pasi ya mkaa. Alianza kwa salamu za heshima, zimepangwa vizuri, na niliona wazee wawili wakitazamana kwa kushangaa kwa sababu Kirundi chake kilikuwa kimenyooka. Alikuwa amejifunza bila mwalimu mfukoni. Akataja jina la baba yake. Akataja kijito. Akafika pale. Nilimwona akifunga midomo, akikusanya pumzi, na akasema wazi, kama mtu aliyezaliwa mlima uleule: “Data yapfuye.”

Alilipata. Lilitoka safi. Nyuma, mahali vijana walipokuwa wamejazana, mmoja akaita, “Yafuye!” na mwingine akamalizia kuhusu sabuni, na kicheko kikapasuka, hata wanawake, hata mtu mzima mmoja mwenye rozari shingoni. Baba aligeuka. Sura yake ilikuwa ya mtu anayejiuliza amekosea wapi. Alidhani ameshindwa. Kwa hiyo akarudia, polepole zaidi, kwa uangalifu zaidi, yapfuye, na wakacheka zaidi. Mshingantahe mkuu alipiga fimbo chini akawakaripia. Baba akajaribu kuendelea, maneno yakamkimbia, akaangukia kwenye Kiswahili: “Wazee wangu, naomba mnivumilie…” Mzee mmoja akamkatiza, si kwa ukali: “Hano tuvuga Ikirundi.” Hapa tunasema Kirundi. Baba akafunga midomo. Halafu akakaa.

Mama alimshika mkono wa koti. “Sema miti,” akamnong’oneza. “Baba Editha, sema ile miti.” Hakusema. Mimi niliijua ile miti, nilikuwa nimeisikia kwenye mkanda mara ishirini nikiwa natafuta mahali pa kukata. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya Karoli, ikionekana tulipokuwa tumeketi. Wazee wakauliza mara mbili kama kuna mtu mwingine wa kusema upande wetu. Sikusimama. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo kuna mtu wa Gitega pale atakayenijua kuwa ndiye niliyeileta ile video. Wakaligawa shamba: Karoli abaki juu, penye nyumba na migomba, sisi tupate chini kuelekea bonde. Kaburi lilibaki juu.

Watu walipoanza kuinuka, Baba alikwenda kwa vijana. Walidhani anakwenda kupigana, wakajikusanya. Yeye alisimama mbele ya yule aliyeita, akavua kofia. “Kijana wangu,” akamwambia kwa Kiswahili, “nami naomba nione kinachochekesha.” Yule kijana alitazama chini. Alikuwa na aibu, nadhani, lakini mzee amemwomba kwa upole mbele ya watu, angefanyaje. Akatoa simu, akatafuta, akampa. Baba aliishika mbali kidogo na macho yake kama alivyoshika barua. Niliisikia kutoka nilipokuwa nimesimama, sauti yake ndogo ndani ya kile kisanduku, mara tatu, na maji yakidondoka. Aliangalia mpaka mwisho. Akamrudishia kijana simu kwa mikono miwili, akasema, “Asante,” akavaa kofia. Hakunitafuta kwa macho. Alitembea kwenda nyumbani mbele, Mama akamfuata, na mimi nikaja nyuma kwa umbali ambao watu wakiona hawajui kama mko pamoja.

Mchana ule Mama alipika bugari na mboga za lenga-lenga. Tuliketi watatu chumbani, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Baba alisali kama kawaida, sala ileile, haikupungua neno. Tukala. Alikuwa akimega matonge madogo na kuyatafuna muda mrefu. Alipomaliza akanawa mikono, akaifuta moja baada ya nyingine, ndipo akaniuliza, bila kuinua sauti:

“Zile nguo zilikuwa za nani?”

Mama alitutazama, hakuelewa, maana hakuwa ameiona. “Zangu, Baba,” nikasema. “Sare ya shule.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilihitaji kwa kazi fulani. Swali lile ndilo neno la mwisho la Kiswahili ambalo baba yangu aliniambia. Nilipiga magoti palepale, mkono wangu bado una chakula, nikasema, “Baba, nisamehe. Baba yangu, naomba unisamehe.” Alinisubiri nimalize. Kisha, kwa Kirundi chake kile cha kuokoteza, akasema, “Sinumva igiswahili.” Sikielewi Kiswahili.

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Niliporudi likizo ya Noeli, alinipokea begi, akaniuliza habari za safari, za masomo, za Mama Swedi, yote kwa Kirundi, taratibu, akikosea kila mahali. Aliwaambia majirani kwa Kiswahili kwamba binti yake amefika, akageuka kwangu akatafuta maneno. Hakunipiga, hakuninyima kitu, hakumwambia Mama kamwe. Alinitolea ng’ombe kwenye harusi yangu na akanipa baraka kwa Kirundi ambacho wakwe zangu walikicheka nyuma ya viganja. Wanangu aliwapa hadithi kwa Kiswahili, akiwapakata, nami nikiingia chumbani hadithi ilikatika, akaanza kuokota upya kwa lugha nyingine mpaka watoto walichoka wakaniomba nitoke. Sauti ile iliyowatuliza watu kambini niliisikia kupitia ukuta tu. Miaka yote hiyo hakuna kosa lake la Kirundi ambalo sikulisikia mimi kwanza, na sikumsahihisha hata moja.

Alifia hospitali ya Muyinga mjini, wiki tatu baada ya kulazwa. Kulikuwa na nesi mmoja mchanga wa wodi ile, mtoto wa waliorudi kama sisi, na alimpenda kwa ajili ya Kiswahili chake. Siku moja kabla ya mwisho nilifika na uji, nikawakuta wanacheka, Baba akimsimulia habari ya padri na punda wa misheni, mkono mmoja hewani, pumzi ikimkatika lakini maneno yakiteleza kama zamani. Aliponiona mlangoni akashusha mkono. Akatafuta. “Mpa amazi,” akaniambia. Nipe maji. Nesi alimtazama, akanitazama mimi, akatabasamu kwa kuchanganyikiwa.

“Kwani dada, wewe hujui Kiswahili?” akaniuliza.

Baba alikuwa ananiangalia, macho yake makavu, yakingoja. Nikachukua kikombe.

“Oya,” nikamjibu kwa Kirundi, hapana. “Sikijui.”